Kwa Nini Karatasi za Ndoa ya Nje Haziishii kwenye Kiapo cha Elfu Ishirini

Wiki iliyopita dada mmoja alituandikia Instagramu, chini ya picha ya ofisi yetu ya hapa Arusha ya kuandaa karatasi za ndoa za nje, mbele za watu wote, kwamba tumemwibia. Alitulipa laki tatu na themanini kwa maandalizi ya karatasi za kwenda kufunga ndoa Ujerumani. Baadaye akakutana saluni na rafiki yake, naye akamwambia kiapo cha kuwa hajaolewa alikipata kwa elfu ishirini, mchana mmoja, akaondoka nacho mkononi. "Hawa wanakula hela za watu wenye wachumba wazungu," dada akamalizia. Watu wakamwagia kopa.

Hatukufuta maneno yake na hatutayafuta. Lakini si wa kwanza kulalamika hivyo, na msimu wa wageni ukishaanza watakuja wengine, kwa hiyo tueleze hapa mara moja, kila anayeuliza tumtumie hii.

Wateja wetu wengi ni waongoza wageni na wapagazi waliopendana na mgeni mlimani, wahudumu wa hoteli, wauguzi, na siku hizi watu waliokutana na wenzao kwenye simu. Wanatoka Njiro, Sakina, Usa River, wengine wanapanda Costa kutoka Moshi na Marangu. Mapenzi yao hatuyahoji. Tunahoji karatasi.

Sasa, elfu ishirini inanunua nini? Inanunua kiapo. Kiapo ni maneno yako mwenyewe: mimi fulani bin fulani naapa kwamba sijawahi kuoa. Kamishna wa viapo anagonga muhuri kuonyesha kwamba uliapa na kusaini mbele yake. Hajasema kuwa ni kweli, wala si kazi yake kujua. Yule ofisa wa ndoa kule Ujerumani au Uholanzi analielewa hilo vizuri kuliko wewe. Yeye anataka serikali yako iseme. Serikali yako inasema kupitia RITA, wakala wake wa usajili wa vizazi na ndoa: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na hati ya kutokuwa na pingamizi la ndoa. Baada ya hapo Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha saini na muhuri, halafu ubalozi wa nchi husika unaangalia kwa upande wake, na balozi karibu zote ziko Dar es Salaam, siyo Arusha. Kiapo kina nafasi yake humo ndani kama kiambatisho. Peke yake kitakufikisha kaunta na kukurudisha nyumbani.

Hapo hapo niseme jambo la apostili, maana kila mwezi kuna mchumba wa nje anayemwandikia mwenzake aitafute. Apostili ni ule uthibitisho wa hatua moja unaotumiwa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Majirani zetu Malawi, Burundi na Rwanda wamo. Sisi hatumo. Kwa hiyo mtu akikuuzia apostili ya Tanzania hapa mjini, amekuuzia karatasi. Mwambie mchumba wako aiulize ofisi ya kwao inataka uthibitisho gani kwa hati za Tanzania, na ajibiwe kwa maandishi. Hilo halina gharama, na bado watu hawalifanyi.

Kazi yenyewe inayokula muda wetu ni majina. Mtu wa Kilimanjaro au Meru ana jina la ubatizo, jina la baba, jina la babu na jina la ukoo, na kila karani aliyewahi kushika kalamu aliandika yale aliyoyasikia. Tulikuwa na kijana wa Marangu, tumwite Aloyce. Pasipoti: Aloyce Francis Lyimo, amezaliwa Arusha. Cheti cha kuzaliwa, kile cha zamani cha kuandikwa kwa mkono: Aloisi Fransisi, Lyimo halipo kabisa, amezaliwa Moshi. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kikafuata pasipoti. Cheti cha darasa la saba kikawa na Aloisi F. Limo. Kwetu huyo ni mtu mmoja, hata mwenyekiti wa mtaa atacheka ukimuuliza. Kwa karani wa Ulaya ambaye hajawahi kuiona Marangu, hao ni watu watatu, na mmoja wao huenda ana mke.

Aloyce hakuanzia kwetu. Alienda kwenye duka la fotokopi, akachapiwa kiapo cha majina, "wote hao ni mimi", akagongewa, akatuma. Ofisi ya kule ikakaa nacho wiki kadhaa ikarudisha: rekebisheni cheti cha kuzaliwa chenyewe. Wakati huo ukumbi ulishalipiwa na tiketi ilishakatwa, ile ya bei nafuu isiyorudishwa. Ndipo akaja. Tukatafuta kumbukumbu za ubatizo parokiani, tukamleta mama yake kuapa, tukapeleka maombi ya marekebisho RITA, halafu pasipoti nayo ikabidi iombwe upya kwa sababu mahali pa kuzaliwa palikuwa pamekosewa. Alifunga ndoa yake, ila hela ya tiketi ya kwanza peke yake ingetulipa sisi zaidi ya mara tatu.

Ndiyo maana siku ya kwanza hatuandiki kitu chochote. Tunatandaza karatasi zako zote mezani, tunachukua rula, tunasoma herufi kwa herufi: y na i, mwezi na tarehe zilizopinduliwa, jina la mama ambalo kwenye cheti ni la usichana na kwenye fomu ni la ndoa. Kazi hii haionekani, na ndiyo unayoilipia. Pale ambapo mtu amebadili jina kwa hiari, mfano aliyesilimu au aliyeacha jina la ukoo, marekebisho hayafai. Inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanasema tunarefusha ili tuchaji.

Na wale ambao hawakusajiliwa utotoni, tafadhali msije na haraka. Cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwa mtu wa miaka thelathini na tano kinaulizwa maswali, na ni haki kiulizwe. Leteni tangazo la kizazi (karatasi ya taarifa ya kuzaliwa) kama lipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cha shule, barua ya mtendaji. Kadi ya kliniki iliyoliwa na mende imewahi kumwokoa mteja wetu mmoja kuliko viapo vyote alivyokuwa navyo.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wanalificha hata kwetu. Mama mmoja wa Usa River, mtu mzima, mwenye biashara yake, alitaka kuolewa na Mdenmark. Akasema hajawahi kuolewa. Tukafungua nakala ya fomu yake ya NIDA: kwenye hali ya ndoa, alijaza mwenyewe miaka ile kwamba ameolewa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ile si ndoa, kaka, ni mahari tu, na tulishaachana." Kwa hesabu yake ni kweli kabisa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya kimila ni ndoa kama ya kanisani, ya msikitini au ya bomani, na kutosajiliwa hakuifuti. Hata waliokaa pamoja miaka 2 na zaidi, jirani wakiwajua kama mume na mke, mahakama inaweza kuwachukulia kwamba wameoana. Sasa wewe ukiapa "sijawahi kuolewa", na wajomba walishakula ng'ombe, umeapa uongo, na hiyo karatasi itakufuata mpaka kwenye maombi ya ukaazi.

Njia ipo, ila ni ndefu. Baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata kwanza, kisha mahakama, kisha amri ya talaka. Wa ndoa za Kiislamu nao wajue kwamba karatasi ya sheikh peke yake haitoshi, lazima ifike mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo hukumu itahitaji tafsiri, na hapa tena watu wanapoteza hela: wanatafsirisha mtaani kabla ya kuuliza. Ofisi nyingi za Ujerumani zinamtaka mtafsiri aliyeapishwa kwao. Sisi tunatafsiri, tungeweza kukuchaji, lakini tunakuambia usitupe hizo hela. Mama wa Usa River alikasirika, akaenda kwingine. Alirudi baadaye, bila kiapo kile, tukaanzia kwenye kata.

Vishoka siwaongelei sana, mnawajua. Niseme moja tu. Mzee mmoja kutoka Moshi alituletea hati ya binti yake "iliyoshapita Wizarani", alilipa nusu ya bei yetu na kuipata ndani ya wiki. Muhuri ulikuwa umenyooka, wino mzuri kuliko ule wa kweli. Tukatazama tarehe ya saini. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Tukamwuliza mzee ni ofisi gani ya serikali inasaini karatasi Ijumaa Kuu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Bahati yake haikuwa imefika ubalozini. Kwa Uingereza, ukikamatwa na udanganyifu kwenye maombi ya viza unaweza kukataliwa miaka 10.

Njia nyingine ya mkato inayotembea mjini ni ya Denmark. Ni kweli Denmark inaoanisha wageni wengi kwa karatasi chache. Mnaomba kwenye wakala wao wa sheria za familia, mkikubaliwa mnapewa cheti kinachodumu miezi 4 cha kufungia ndoa. Ndoa hiyo ni halali. Shida ni kinachofuata. Vijana wanakwenda kwa viza ya matembezi, wanaoana Denmark, wanaingia Ujerumani wakidhani wameshamaliza. Huko wanaambiwa viza uliyoingilia siyo ya kuishi, rudi kwenu uombe ya mwenza. Anarudi uwanja wa ndege wa KIA na pete kidoleni, anaanza na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 pale Goethe-Institut Dar es Salaam, cheti ambacho angekisoma tangu mwanzo huku karatasi zikitembea. Denmark haikuwa kosa. Mpangilio ndio ulikuwa kosa.

Uingereza nako, viza ya kawaida ya matembezi hairuhusu kufunga ndoa. Kuna viza ya wanaokwenda kuoana na kurudi, na kuna ya wachumba wanaokwenda kubaki. Mkishafika, kwa Uingereza kwenyewe na Wales, mnatoa taarifa ya ndoa na kusubiri siku 28, zinaweza kuongezwa hadi 70. Marekani, viza ya mchumba inaombwa na raia wa Marekani, siyo na wewe. Lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya maombi, na ukishaingia mnaoana ndani ya siku 90. Kwa hiyo picha za Mto wa Mbu na risiti za hoteli msizifute.

Mpangilio ndio huu tunaousisitiza kwa kila mtu: vitu visivyooza vianze, vinavyooza vimalizie. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti, talaka kama ipo, lugha. Karatasi za hali ya ndoa, yaani hati ya kutokuwa na pingamizi na kiapo chake, zinakuwa za mwisho, kwa sababu ofisi nyingi za Ulaya hazizitaki zikizidi miezi sita, nyingine mitatu. Rafiki wa saluni alianza na kiapo kwa sababu ndicho rahisi. Ikifika siku ya kukitumia, kimeshachacha, analipa tena.

Bei zetu basi. Kusoma na kulinganisha karatasi ni elfu hamsini, na ukitupa kazi tunaikata kwenye jumla. Ada za RITA na za serikali unalipa mwenyewe kwa namba ya malipo iliyo kwa jina lako, hela hiyo haipiti kwetu, na risiti unabaki nayo. Nauli za Dar tunakuonyesha. Kinachobaki ni ujira wa watu wanaopiga foleni wakati wewe uko kazini, na wanaojua ni karatasi gani isipelekwe. Mteja akitaka punguzo tunazungumza kama watu wazima. Akitaka tuandike "hajawahi kuolewa" na tumeshaona fomu ya NIDA, hapo hakuna punguzo wala kazi.

Ukishafunga ndoa huko, usisahau kuja kusajili cheti chako cha ndoa RITA. Watu wanakumbuka siku ya mirathi.

Ukija, njoo na karatasi halisi, siyo picha za WhatsApp zilizopigwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Njoo na zote, hata zile unazoziona hazihusiani, na kama mahari iliwahi kutolewa, sema mlangoni. Jumamosi tunafunga saa saba mchana.