Shukrani kwako uliyeokoa chanjo za watoto wetu

Kwako uliyeleta kibebeo cha chanjo na pakiti 4 za barafu zahanati umeme ulipokatika, ukaondoka bila kutaja jina: asante sana.

Wengi hudhani adui wa chanjo ni joto tu. Wewe ulijua zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka baadaye. Ndiyo maana hukuzipanga pakiti papo hapo. Uliziacha mezani hadi zikatoa jasho, ukazitikisa moja moja karibu na sikio mpaka maji yakasikika ndani, ndipo ukazisimamisha pande zote nne, chanjo katikati pamoja na kipimajoto. Hapo ndipo wenye haraka hukosea.

Kliniki ya watoto iliendelea. Akina mama waliotoka mbali kwa miguu hawakurudishwa, na zahanati hii ya umma ndiyo pekee wanayoimudu.

Pakiti zako zimeoshwa na kukaushwa. Zinakusubiri dirishani kwa muuguzi.