Barua kwa wazazi na walezi wa darasa la awali: kufunga muhula wa kwanza

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Tanga.

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUHESABU NA KUJUMLISHA KWA WATOTO WA DARASA LA AWALI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafunga muhula salama. Uji wa saa nne haukukosekana, na kwa hilo tunawashukuru wote mliochangia unga na sukari. Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti ya mtoto. Sehemu kubwa ya barua hii nimeitenga kwa jambo moja lililoletwa sana ofisini kwangu tangu Januari: madaftari ya hesabu.

Mzazi anafungua daftari, anakuta kurasa chache zenye michoro ya maembe na samaki, na namba 3 iliyotazama nyuma. Wakati huohuo mtoto wa jirani, anayesoma kwingine, anataja namba mpaka mia bila kupumua. Ndipo linakuja swali: hawa wetu wanafundishwa nini?

Fanya jaribio hili leo jioni. Mpangie mtoto vizibo vitano vya soda, umwambie ahesabu. Atagusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Sasa muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Aliyekariri namba kama wimbo ataanza upya tangu moja, kwa sababu bado hajaelewa kuwa ile tano ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Vitawanye vizibo vilevile vienee meza nzima. Huenda akakuambia vimeongezeka. Kisha mwambie, "Nipe vinne." Hapo hata anayefika mia anaweza kukukabidhi ukufi mzima.

Elimu ya awali ni mwaka mmoja, na sipendi mwaka huo uishie kwenye kukariri. Ndiyo maana mwalimu wa darasa amekaa muda mrefu kwenye moja hadi tano kabla ya kusogea kuelekea kumi. Wapo waliofika kumi, wapo ambao bado wako kwenye tano, na ripoti inaeleza mtoto wako yuko wapi. Nafasi ya darasani hatukuandika. Msije kuiuliza.

Kujumlisha kwenyewe tumekuanza kwa vitu, si kwa alama. Vizibo vitatu kwenye sahani hii, viwili kwenye ile, vinamwagwa pamoja. Mwanzoni mtoto huhesabu vyote tangu cha kwanza. Akizoea, siku moja anaishika ile tatu kichwani na kuendelea palepale: "nne, tano." Hatua hiyo ndogo ndiyo tunayoisubiri kuliko kurasa zilizojaa 1+1. Baada yake atagundua kuwa mbili na sita ni rahisi zaidi ukianzia kwenye sita. Alama za kujumlisha na sawasawa tutazileta muhula wa pili, mtoto akiwa tayari anajua zinasimulia nini.

Mchezo uliopendwa kuliko yote darasani ni wa kuficha, nao hauna gharama. Chukua vizibo vitano, mtoto avihesabu, halafu funika baadhi kwa kikombe. Vinaonekana vitatu: vilivyojificha ni vingapi? Mwache afikiri, asikie uchungu kidogo wa kufikiri, ndipo ufunue. Badilisha: viwili nje, vinne nje, kisha vyote nje, na chini ya kikombe hakuna kitu. Sifuri inaeleweka hapo bila maelezo marefu. Akiizoea tano kwa kila namna inavyogawanyika, ameshaanza kutoa pia, ingawa hatujamtajia.

Msimkataze kutumia vidole. Nimesikia wapo wanaopigwa mikono ili "watumie akili". Kwa umri huu vidole ni sehemu ya kufikiri, na ataviacha mwenyewe atakapokuwa havihitaji. Vivyo hivyo namba zilizogeuka: ni kawaida kwa wanaoanza kuandika, mwonyeshe tu kwa upole anapoanzia kalamu.

Likizo hii, mtume aandae vijiko: "Tuko sita, vijiko ni vinne, bado vingapi?" Mkienda gengeni, simameni kwenye mafungu ya nyanya, umwulize kila fungu lina ngapi bila kuzigusa. Jicho la mtoto hutambua tatu, hata nne, kwa kutazama tu, na fungu la nyanya ni somo zuri la hilo. Mdako nao waacheni wacheze. Mtoto anayetoa kokoto shimoni na kurudisha zote isipokuwa moja, jiwe likiwa hewani, anafanya hesabu ambayo sisi darasani tunaitafuta kwa shida.

Pesa ningeomba zisubiri. Sarafu ya shilingi 200 ni kitu kimoja mkononi, na mtoto anayejifunza kuwa kimoja ni moja unamchanganya bure. Mwache ahesabu maandazi aliyotumwa kununua.

Kuhusu tuisheni ya likizo, uamuzi ni wenu. Maoni yangu ni kwamba mtoto wa umri huu akikalishwa benchi mchana kutwa kunakili namba, atarudi Julai akiwa amechoka na hesabu kabla hajaianza.

Siku ya kufungua, kila mtoto aje na vizibo kumi vya soda vilivyooshwa na kugongwa kingo zake zisikate. Wenye wadogo wanaotambaa nyumbani, hakikisheni mchezo ukiisha vizibo vyote vimeokotwa, maana watoto hao hutia kila kitu mdomoni.

Ahsanteni kwa ushirikiano.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu