Risala kwa Mgeni Rasmi: Sherehe ya Kurudi kwa Jua, Vardø

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa baraza la manispaa, mchungaji, majirani mliokuja na keki, na watoto wetu ambao leo hawana shule kwa sababu mizinga ya ngome imelia na jua limerudi: salamu nyingi, na karibuni sana.

Risala hii inasomwa kwa Kiswahili na binti yetu anaitafsiri kwa Kinorwei. Tumemwomba asipunguze chumvi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya Vardø unaijua kuliko sisi, kwa hiyo tutaipita mbio. Huu ni mji tangu mwaka 1789, uko kisiwani kaskazini-mashariki mwa Norwei, mashariki zaidi hata ya Istanbul, na una watu wasiofika 2,000. Nansen, mpelelezi wa ncha ya kaskazini, aliteremka hapa mwaka 1896 akitoka kwenye barafu. Sisi tulifika baadaye kidogo. Wengi tumezaliwa Kivu, baadhi tukapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na ndiko tulikojifunza kwamba mgeni rasmi hasomewi historia tupu.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tuna kwaya ya kimataifa, kwa kuwa mwalimu mmoja Mnorwei huimba nasi sauti ya nne. Tuna mfuko wa kuweka na kukopa ambao haujawahi kufilisika. Tumeanzisha pia mradi wa lishe bunifu, yaani sambusa za samaki aina ya chewa, ambazo hata wazee wa hapa sasa wanaziulizia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini, hasa juu ya kibanda cha kusubiria basi.

Wenzetu kadhaa wanasoma au kufanya kazi Vadsø, kilomita 75 kutoka hapa. Ili watoke kisiwani, basi linapita kwenye handaki la mwaka 1982, la kwanza kuchimbwa chini ya bahari nchini Norwei, mita 88 chini ya maji. Tunajivunia nchi iliyoweza kazi hiyo zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ndiyo maana tunashindwa kuelewa ugumu wa kuta tatu za mbao.

Kibanda kilichopo kina paa, shukrani kwa aliyelijenga. Lakini theluji ya Vardø haitoki juu, inatoka baharini, na inakuja ubavuni. Asubuhi ya Desemba, ambapo jua halichomozi kabisa, mama anasimama pale amegeuzia upepo mgongo, kigari cha mtoto akikikinga kwa koti lake. Simu inazima kwa baridi, kwa hiyo hajui kama barabara imefungwa, au kama magari yanapitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Anasubiri tu. Siku nyingine basi haliji.

Tumeshalifikisha suala hili. Katika nchi hii kazi zimegawanywa vizuri: chekechea, shule ya msingi na daktari ni mambo ya manispaa, mabasi na sekondari ni ya mkoa, barabara ya E75, inayoanzia hapa na kuishia kisiwani Krete, ni ya serikali kuu. Kibanda chetu kimeangukia katikati ya hao watatu. Mlango wa kwanza ulitusikiliza ukatupeleka wa pili. Wa pili ukatupa kahawa na kutuelekeza wa tatu. Wa tatu ukauliza kama tumeshajaribu wa kwanza. Mwaka 2020 mkoa wetu wa Finnmark ukaunganishwa na mkoa jirani wa Troms, ingawa asilimia 87 ya waliopiga kura Finnmark mwaka 2018 walikataa. Tukaambiwa tusubiri muungano utulie. Kabla haujatulia ukavunjwa, tarehe 1 Januari 2024. Tukaambiwa tusubiri mgawanyo ukamilike. Hatutaji ofisi, maana hii ni risala, si mashtaka.

Mgeni mmoja mheshimiwa aliyekutangulia alifika mpaka kituoni, na tunamshukuru kwa moyo huo. Alitoa daftari aandike ahadi, wino ukagoma kwa baridi, akasema ataandika akifika ofisini. Tunaamini bado yuko njiani.

Hatuji mikono mitupu. Kwa fedha za sambusa tumenunua benchi, limehifadhiwa kwenye karakana ya mwanachama. Mafundi seremala tunao, nao watajitolea. Tunaomba mbao, kioo, taa, hita ndogo, na kibali chenye sahihi ya mtu mmoja badala ya milango mitatu. Pia tunaomba tarehe. Neno "karibuni" tunalijua vizuri, kwetu humaanisha uingie ndani ukae.

Kabla ya chakula, ratiba inaonyesha matembezi mafupi hadi kituoni. Vyuma vya kufunga chini ya viatu viko mlangoni, saizi zote. Na kwa kuandikia tumekuwekea penseli, maana penseli haigandi.

Tunaomba kuwasilisha.