Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sahihi ya kitabuni haitoshi kumpeleka tabibu zahanati

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA MATABIBU NA MATABIBU WASAIDIZI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salaam zetu na heshima. Tunakuandikia sisi tunaofundisha na kusimamia wanafunzi wa utabibu darasani, wodini na zahanati. Hoja yetu ni moja. Mwanafunzi wa utabibu anahitimu akiwa na kitabu cha vitendo kilichojaa sahihi, lakini sahihi hizo hazithibitishi kwamba mkono wake unaiweza kazi. Tunaomba Wizara yako, ikishirikiana na NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi) na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ibadilishe mahali vitendo vinapofanyikia na namna vinavyohakikiwa.

Kwa mgonjwa wa kijijini, tabibu ndiye daktari. Ndivyo anavyomwita, na hakosei sana, maana mara nyingi hakuna mwingine wa kuitwa hivyo. Kabla vyeo havijabadilishwa majina, kazi hii ilikuwa ya waganga wasaidizi na wale RMA (Rural Medical Aid, wahudumu wa tiba vijijini) ambao wazee bado wanawataja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nguvu zilipoelekezwa vijijini na zahanati zikaanza kujengwa mbali na miji, wao ndio waliozihudumia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 hadi 2017 ukaja na lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yamesogea karibu na watu. Mafunzo ya anayekaa ndani ya jengo yamebaki hospitali kubwa.

Mwanafunzi huingia chuoni akiwa na ufaulu wa kidato cha nne katika Biolojia, Kemia na Fizikia, akasoma ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, mwaka mmoja kila ngazi. Anayeishia ya 5 ni tabibu msaidizi. Anayemaliza ya 6 hupata stashahada na kuwa tabibu. Sehemu kubwa ya vitendo vyake hufanyika hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambako kuna maabara, eksirei, muuguzi wa zamu na daktari wa kuulizwa. Kisha anapangiwa zahanati ambako vyote hivyo havipo. Huko anabaki na mizani, saa, mashine ya presha, kipimo cha haraka cha malaria na vidole vyake. Vifaa hivyo vinaonekana vidogo, na ndiyo maana havifundishwi kwa uzito unaostahili. Tuvitazame kimoja kimoja.

Kuhesabu pumzi za mtoto. Pasipo eksirei, nimonia hugunduliwa kwa macho na saa. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi, na huyo huhesabiwa mara ya pili kabla ya kuamua lolote. Hesabu ni ya dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani kwa mama yake, nguo imefunuliwa ili kifua na tumbo vionekane. Anayelia hahesabiwi, anasubiriwa. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kutazama huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Akifanya hivyo, majibu yanayowezekana ni yale yanayogawanyika kwa 4 tu: 44, 48, 52. Pumzi moja aliyoikosea inamhamisha mtoto wa miezi minane kutoka 52 kwenda 48, yaani kutoka siku 5 za amoksilini kwenda kurudishwa nyumbani bila dawa. Kumpima mwanafunzi katika hili si kazi ngumu: mkufunzi anahesabu naye wakati uleule, kila mmoja na saa yake, hakuna anayetaja namba hadi dakika iishe, kisha wanalinganisha. Inachukua dakika 2. Karibu hakuna anayepewa dakika hizo 2.

Presha nayo. Mgonjwa anatakiwa akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, bila maongezi. Mfuko wa hewa ulio ndani ya kitambaa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, kikubwa kwenye mkono mwembamba hukishusha, na mkono unaoning'inia hukipandisha pia. Mpimaji apapase mshipa huku akijaza hewa, mapigo yakipotea aongeze 30 juu ya hapo, ndipo aweke stetoskopu na kushusha taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Anayeachia hewa kwa haraka hukosa sauti ya kwanza, basi namba ya juu inasomeka chini ya ilivyo.

Ipo njia ya kugundua haya bila kumsimamia mtu. Mashine ya mshale ina mistari ya kila milimita 2. Vipimo vya kweli vitaishia na 0, 2, 4, 6 na 8, vikichanganyika. Ukurasa wenye 120/80, 110/70, 130/80 kuanzia juu hadi chini ni ukurasa wa makisio, hata kama mwandiko ni mzuri. Kliniki ya mama na mtoto ndiko makisio haya yanakogharimu zaidi. Kwa mjamzito, 140/90 ndipo tunapoanza kutafuta protini kwenye mkojo na kushuku dalili za kifafa cha mimba. Mama mwenye 144/92 akiandikiwa 130/80, anapewa tarehe ya kurudi mwezi ujao, na huenda asiifikie.

Kisha sindano ya malaria kali, ambayo tungependa uione kwa hesabu zake, Mheshimiwa, maana hapa kosa halionekani kwa macho. Chupa ya artesuneti ya miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo, hutikiswa hadi iwe angavu, kisha huongezwa maji ya chumvi: mililita 5 kama inapigwa kwenye mshipa, mililita 2 kama ni kwenye msuli. Mchanganyiko wa mshipa unakuwa na miligramu 10 katika kila mililita. Wa msuli una 20. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 8 anahitaji miligramu 24, yaani mililita 2.4 ya mchanganyiko wa kwanza au 1.2 ya wa pili. Anayechanganya kwa ajili ya msuli halafu akavuta kipimo cha mshipa amempa mtoto dozi mara mbili. Akigeuza, amempa nusu. Na yote haya yanasimama juu ya uzito. Kama mizani haikurudishwa kwenye sifuri, au uzito umekadiriwa kwa umri, hesabu nzima imeharibika kabla chupa haijafunguliwa. Dawa iliyochanganywa ikipita saa 1 haitumiki tena, inamwagwa. Mwanafunzi anayeisoma hatua hii ubaoni anaikariri vizuri sana. Mpe chupa, bomba la sindano na mtoto anayetetemeka kwa degedege, uone inavyomtoka kichwani. Lazima ameirudia kwa mikono mara nyingi, kwa maji tupu na chupa zilizokwisha, kabla ya siku hiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria kina mitego yake: matone ya kimiminika cha boksi jingine, kusoma kabla ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, na kukubali jibu wakati mstari wa uhakiki, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, haukutokea. Kipo pia kile kinachowasumbua hata wazoefu: vipimo vingi hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa mseto na kupona, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa wiki 2 zilizopita akirudi na homa, mstari wa pili haumaanishi malaria mpya. Tabibu anayeishia hapo anaukosa ugonjwa uliomrudisha mtoto.

Haya yote yamo kwenye mitaala. Kasoro iko kwenye namna yanavyofika mkononi. Wanafunzi 15 wakimzunguka mgonjwa mmoja, mmoja anagusa, 14 wanatazama, na wote 15 wanaandika kwamba wamefanya. Vitabu hukusanywa na kusainiwa kwa mkupuo siku ya mwisho ya mzunguko. Hatumlaumu anayesaini. Ana wodi nzima ya kuhudumia, halipwi saa ya kufundisha, na akikataa kusaini anaonekana anamkwamisha mtoto wa mwenzie aliyelipiwa ada kwa kuuza mazao. Lakini matokeo yake ni kwamba kitabu kinapima mahudhurio, na mtihani wa mwisho wa vitendo unabeba mzigo peke yake kwa dakika chache.

Kwa hiyo tunaomba kwanza kwamba kila kitendo kwenye kitabu kiwe na tarehe na namba ya mgonjwa kama ilivyo kwenye rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) au kwenye mfumo wa kielektroniki wa kituo, bila jina la mgonjwa, na kisainiwe siku hiyohiyo na aliyeshuhudia. Mkaguzi akitaka kuhakikisha, atachukua namba 10 kutoka kitabu cha mwanafunzi na kuzitafuta kwenye rejesta. Namba moja ikionekana kwenye vitabu vya wanafunzi 15 kwa kitendo kilekile, jibu amelipata. Vitendo vya kutazama viwe na safu yake. Kutazama ni sehemu halali ya kujifunza na hakuna haja ya kuandika kwamba ni kufanya.

Ombi la pili ni zahanati. Mwanafunzi wa ngazi ya 6 akae huko kwa wiki zisizopungua 8 mfululizo, wanafunzi 2 kwa kituo, wasizidi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, apewe mafunzo mafupi ya usimamizi, na posho yake iandikwe kwenye bajeti ya chuo, kwa sababu ada ya vitendo tayari hulipwa na wazazi. Tunajua pingamizi litakalokuja: zahanati haina wagonjwa wa kutosha wa kila aina. Ni kweli. Mwanafunzi hataona upasuaji huko. Ataona homa, kikohozi, kuhara, wajawazito na vidonda, na ndivyo atakavyoviona maisha yake yote ya kazi. Atajifunza pia jambo ambalo hospitali ya rufaa haiwezi kumfundisha, nalo ni kuandika rufaa: dalili gani ya hatari ameiona, dozi gani ya kwanza ametoa na saa ngapi, na nani ameongozana na mgonjwa.

Lipo suala la usalama wa wanafunzi wenyewe, na hapa tunaomba pasiwe na mjadala mrefu. Mwanafunzi asiingie wodini kabla hajapata chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Maana yake ianze wiki ya usajili, si wiki ya kwenda hospitali. Afundishwe kutorudishia kifuniko cha sindano, na kulifunga sanduku la vitu vyenye ncha kali likifika robo tatu. Akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, na aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Wanafunzi wengi huficha tukio hilo kwa kuogopa kufukuzwa kituoni. Chuo kiwatamkie kwa maandishi kwamba anayeripoti hataadhibiwa.

Mhudumu wa afya naye asisahauliwe. Yeye mafunzo yake ni mafupi kuliko ya tabibu, na zahanati ikipungukiwa watu ndiye anayekabidhiwa sindano na hata chumba cha kujifungulia. Orodha ya anachoruhusiwa na asichoruhusiwa ibandikwe ukutani, wazi, ili akiagizwa nje ya orodha awe na cha kuonyesha kwa kidole.

Na mhitimu mpya asipangwe peke yake. Tunafahamu upungufu wa watumishi na tunafahamu kwamba ombi hili ni gumu kuliko mengine. Walau miezi 6 ya kwanza akae kituo cha afya chenye tabibu mzoefu, au, pale isipowezekana kabisa, timu ya halmashauri imtembelee kila mwezi na ikae naye chumbani akiona wagonjwa, badala ya kukagua rejesta na kuondoka.

Mheshimiwa Waziri, posho, wiki za zahanati na ikama vinahitaji muda na fedha. Safu ya namba ya rejesta kwenye kitabu cha vitendo haihitaji ila waraka mmoja kwa vyuo na mstari wa kalamu kwenye kurasa zilizopo. Tunaomba waraka huo utoke kabla ya muhula ujao kuanza.

Wako katika utumishi wa afya,

Wakufunzi na wasimamizi wa vitendo, mafunzo ya utabibu.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI.