Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: betri ya moyo haimaliziki kwenye mshono

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum.

Likizungumzwa suala la betri za moyo, mazungumzo huishia kwenye bei ya kifaa na nani atakayekipandikiza. Sisi tunaoshughulika na wagonjwa hawa tunakuomba uangalie yanayofuata baada ya mshono kukauka.

Betri yenyewe (pacemaker) ni kidude cha gramu 20 hadi 30 kinachoupa moyo umeme ili upige, hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na nyaya zake hupita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye umeme wa vyumba vya juu vya moyo haufiki chini: mapigo 30 au 40 kwa dakika, kizunguzungu, kuanguka ghafla. (Wapo wanaotufikia wakiwa wameshasomewa, na wengine wanakunywa dawa za kifafa.) Kabla ya rufaa, daktari wa wilaya akague kama mgonjwa anatumia dawa za presha na moyo kama atenolo, verapamili au digoksini, na apime potasiamu (aina ya chumvi) katika damu, hasa kwa mwenye figo mbovu. Pengine dawa au potasiamu ndiyo iliyopunguza mapigo.

Wiki za mwanzo baada ya kupandikizwa, nyama ya moyo huvimba kidogo pale inapogusana na ncha ya waya, na hapo moyo huhitaji umeme zaidi ili uitike. Kwa hiyo kifaa huachwa kikitoa volti 3.5, au hata 5. Baada ya miezi miwili au mitatu uvimbe hutulia, na moyo huweza kuitikia volti 0.75 tu. Fundi hushusha volti kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye mstari wa ECG (mashine inayochora umeme wa moyo), mpaka pigo moja likose kuitikiwa. Kisha hupanga mara mbili ya kipimo cha mwisho kilichoitikiwa. Ukitoka volti 5 kwenda 2.5, nishati ya kila pigo hubaki robo. Vifaa vingi vya kisasa hujishusha vyenyewe, lakini si vyote, na asiyerudi kushushiwa huimaliza betri ya miaka kumi kabla ya wakati wake.

Na kurudi kwenyewe ndio mtihani. Mtu wa Micheweni, Pemba, aliyewekewa kifaa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ana gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, kisha tena bahari mpaka Dar es Salaam, na nauli ya wa kumsindikiza, na pa kulala, yote kwa kipimo cha dakika 20. Kusi likivuma, mzee wa miaka 70 akisema mwezi huu hasafiri, nani wa kumlaumu?

Tunaomba hospitali za Mnazi Mmoja, Unguja, na Abdulla Mzee, Pemba, ziwe na kliniki ya vifaa hivi, hata siku moja kwa mwezi. Kikwazo ni kwamba mashine ya kusomea na kupanga kifaa ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyengine. Kubalianeni na Dar es Salaam juu ya kampuni mbili tu, na mkataba wa ununuzi uidai kampuni iazime mashine na ifundishe watu wetu. Mashine hiyo huonyesha pia hali ya waya: ukinzani wa umeme ukishuka ghafla, ganda la waya limetoboka, ukipanda mno, waya umekatika au skrubu haikukazwa.

Wilayani inatosha sumaku ya duara na mashine ya ECG. Sumaku ikiwekwa juu ya betri, kifaa huacha kuusikiliza moyo na hupiga kwa kasi maalumu. Kasi hiyo ikishuka kufikia namba ya onyo ya kampuni, betri inakwisha na kwa kawaida imebaki miezi mitatu hivi. Namba za kila kampuni zibandikwe ukutani. Kwa kifaa cha kushtua moyo, nacho hupandikizwa ila hutoa mshtuo moyo ukienda mbio za hatari, mambo ni mengine: sumaku huzima mshtuo tu. Humsaidia anayepigwa mshtuo mfululizo kwa sababu ya waya mbovu, ila asiachwe bila mashine ya kushtulia ya nje kando ya kitanda.

Jengine dogo, lakini huua. Mahali pa kifaa pakivimba au pakiwa pekundu, asitokee mtu akapachoma sindano wala kupapasua kama jipu. Sindano huingiza vijidudu, na vikishaingia, antibayotiki pekee hazitoshi. Hutolewa betri na nyaya zake zote.

Mwisho ni daftari, moja Unguja na moja Pemba: jina la mgonjwa, kampuni, aina na namba ya kifaa, aina ya nyaya, tarehe ya kuwekwa, volti ya mwisho iliyopimwa, na simu ya jamaa wa karibu. Asiyeonekana kwa miezi sita apigiwe. Safu hizo tunaweza kuzichora wiki hii. Kinachosubiriwa ni kutajwa mtu wa kulishika.

Wako katika kazi,
Wahudumu wa wagonjwa wa moyo, Unguja na Pemba