Mizigo ya safari ya Corcovado, ile hifadhi ya taifa ya Costa Rica, someni jamani

Wadau, kesho kutwa asubuhi ndo tunaruka kutoka San José kwenda Puerto Jiménez, sasa hili la mizigo naomba mnielewe. Ile ni kandege ka pangaboi, wanakupima wewe na begi lako, usione aibu, na yale masuitikesi magumu ya magurudumu tunayaacha hotelini, beba begi laini linalobonyea. Uwanja wenyewe uko ubavuni mwa makaburi, sitanii, msije mkaanza kukemea mapepo tukitua 😂

Corcovado huingii bila mwongoza watalii mwenye kibali, huyo tushampata, na chupa za plastiki za kutupa hawataki, kila mtu na chupa yake ya kujaza. Sirena, kile kituo cha ndani ya hifadhi, hakuna gati, boti inasogea tu ufukweni unaruka maji magotini, so kandambili za kamba na simu kwenye mfuko usioingiza maji. Agosti ni mvua tupu huku ila ndo nyangumi wako baharini, na mie roho yangu iko kwa tapiri, yule mnyama mwenye pua kama kamkonga kafupi, na wale kasuku wakubwa wekundu, wanapiga kelele kama konda wa daladala.

Ambaye hajanitumia kilo zake anitumie inbox leo, sio hapa.