Maji ya waridi kwenye ndoo yako

Tunguu, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu Mize,

Salamu nyingi. Mimi mzima, alhamdulillahi, nakuombea nawe uwe hivyo, na mwani uzae.

Bamvua lililopita, pale pwani Tumbe, uliniuliza kitu gani nahesabu kutwa nzima kwenye kompyuta. Nikasema "mwendo wa nishati kwenye molekuli", ukanyamaza. Limenikaa rohoni, maana jibu lilikuwa hapo hapo miguuni pako.

Unaukumbuka ule mwani uliosahauliwa usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya mfereji? Asubuhi maji yamekuwa ya waridi, mwani umepauka. Rangi ile ni protini, fikoeritrini. Ndiyo inayonasa mwanga wa kijani unaopenya majini. Lakini haipiki chakula yenyewe: nishati ya mwanga huo huipokeza protini nyingine, fikosayanini, nayo huipokeza ya tatu, alofikosayanini, mpaka klorofili, ile rangi ya kijani inayopika chakula. Ni kama makarai siku ya kumwaga zege, kila mtu kasimama pake na mzigo unapita mkono kwa mkono. Ila hapa karai hamna, shoga. Kinachohama ni msisimko mtupu, na safari nzima haifiki sehemu ya bilioni ya sekunde.

Mjerumani Theodor Förster alitupa hesabu yake mwaka 1948: umbali ukiwa mara 2, kasi ya kupokezana hushuka mara 64. Molekuli zikisongamana sana, hesabu hiyo haitoshi tena. Nishati haikai kwa mmoja, hutanda kwa kadhaa pamoja kama wimbi. Hapo ndipo ninaposhinda mimi.

Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley walipima protini ya bakteria wa kijani wa salfa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wakaona mawimbi. Wengi tuliamini ndiyo siri ya usanisinuru. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba mengi yalikuwa mitetemo ya molekuli zenyewe. Wapo walioumia. Mimi nilizidi kuipenda kazi, kwani mtetemo nao una faida: ukikosekana kabisa, nishati hunasa njiani, ukizidi, hukwama pia, ukiwa wa kiasi, inapita. Kiasi hicho ndicho ninachokitafuta, Mize, mchana na usiku.

Nakuja bamvua lijalo, inshallah. Niwekee tawi moja la mwani wa spinosamu kwenye ndoo usiku wa kuamkia siku hiyo, na maji usiyamwage mpaka nifike. Nishikie mama mkono.

Wako,
Salma